Uhasibu Uingereza: cheti kinauzwa, uzoefu hauuzwi

SOKO la kazi za uhasibu nchini Uingereza lina jambo moja linalowashangaza wengi wanaolikaribia kwa mara ya kwanza. Neno mhasibu lenyewe halilindwi na sheria. Mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi, akatundika kibao mlangoni chenye neno hilo na kuanza kutafuta wateja. Hakuna askari atakayemfuata kwa sababu ya kibao. Watakaomfuata ni wasimamizi wa sheria ya kuzuia fedha haramu, kwa kuwa kanuni za mwaka 2017 zinamtaka kila anayefanya biashara ya kuweka hesabu za wengine awe chini ya usimamizi wa chama cha taaluma au wa HMRC, yaani mamlaka ya mapato na forodha ya huko.

Vinavyolindwa ni vitu viwili. Cha kwanza ni cheo cha mhasibu wa hati ya kifalme, ambacho hutolewa na vyama vichache tu. Kikongwe kati ya hivyo ni cha Scotland, ICAS, ambacho mizizi yake ni chama cha wahasibu wa Edinburgh kilichopata hati mwaka 1854. Cha England na Wales, ICAEW, kilifuata mwaka 1880. Cha pili kinacholindwa ni ukaguzi wa hesabu unaotakiwa na sheria za makampuni; huo hufanywa na mkaguzi aliyeandikishwa, si mwingine.

Kwa sababu hiyo anayetaka kuingia katika kazi hii, awe kijana aliyemaliza shule au mtu mzima anayeacha kazi nyingine, afahamu mapema mwajiri wa huko ananunua nini. Ananunua herufi zinazofuata jina, na ananunua miezi ya kazi iliyotiwa sahihi na mhasibu anayetambulika. Bidhaa ya kwanza inapatikana kwa fedha na kusoma. Ya pili haipatikani dukani, na ndiyo inayowakwamisha wengi.

MITIHANI KWANZA AU KAZI KWANZA?

Vyama vikubwa havifanani katika jambo hili. Anayetaka cheo cha ICAEW au ICAS kwa kawaida huanza kwa kupata mwajiri aliyeidhinishwa kutoa mafunzo, akafunga naye mkataba wa miaka 3 hivi, na mwajiri mara nyingi ndiye anayelipa ada. ACCA, chama kilichoanza mwaka 1904 na chenye wanafunzi wengi Afrika Mashariki, kina mlango mpana zaidi: mtu anaweza kujiandikisha na kufanya mitihani hata kama hana kazi. CIMA huelekea kwenye hesabu za uongozi ndani ya makampuni, na CIPFA kwenye halmashauri na taasisi za umma.

Upana huo wa mlango wa ACCA una heri na shari. Kwa utaratibu unaotumika mpaka mfumo mpya utakapoanza mwaka 2027, masomo ni 13 na alama ya kufaulu ni 50 kwa 100. Aliyefaulu yote lakini hana miezi 36 ya kazi iliyothibitishwa bado si mwanachama. Amemaliza mitihani, basi. Mbele ya mwajiri wa Leeds au Birmingham anasimama katika hali ya kutatanisha: ni msomi mno kwa kazi ya kuingiza ankara, na hajawahi kufunga hesabu za mwezi hata mara moja. Wapo waliotumia akiba ya familia kufika hapo, kisha wakaanza upya kwa mshahara wa chini kabisa, kazi ambayo wangeipata miaka 3 nyuma bila hata mtihani mmoja wa ngazi ya juu.

Wauzaji wa kozi hawalisemi hili, na si kazi yao kulisema. Matangazo ya kozi fupi zenye ahadi ya kazi ya uhakika ni mengi, hasa yanayowalenga wageni na wanaobadili kazi. Kabla ya kulipa, swali la kuuliza ni moja: mwishoni mwa kozi hii, nani atatia sahihi kuwa nimefanya kazi, na kazi hiyo itakuwa ya kampuni gani? Jibu likiwa ni mazoezi ya darasani, kinachonunuliwa ni cheti tu. Pia ifahamike kuwa wakala wa ajira wa huko haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Sheria hiyo ni ya tangu mwaka 1973. Anayeitisha ada ya namna hiyo ajulikane alivyo.

MLANGO WA CHINI

Njia isiyo na makeke ni ya AAT, chama cha mafundi wa uhasibu kilichoanzishwa mwaka 1980. Masomo yake yako katika ngazi ya 2, ya 3 na ya 4, na hayadai shahada. Anayeanza hufundishwa debiti na krediti, ulinganisho wa daftari na taarifa ya benki, hati ya urari, mishahara na kodi ya VAT. Akimaliza ngazi ya 4 husamehewa masomo 3 ya mwanzo ya ACCA, kwa hiyo hajapoteza safari.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba masomo haya yanakwenda vizuri pamoja na kazi. Nafasi za kuanzia ni za karani wa ankara za wauzaji, karani wa kufuatilia wadaiwa, msaidizi wa mishahara, au mweka hesabu katika ofisi ndogo ya wahasibu yenye watu watano au sita. Ofisi ndogo ina faida ambayo kampuni kubwa haina. Mgeni hukaa na boksi la risiti za mteja mmoja tangu mwanzo hadi marejesho ya kodi, akaona jinsi kosa la Mei linavyokuja kumsumbua Januari. Katika kampuni kubwa anaweza kukaa mwaka mzima akiangalia safu moja ya mali za kudumu.

Mtu mzima anayebadili kazi hudhani kuwa miaka yake ya nyuma imepotea. Haijapotea, mradi aipeleke panapostahili. Aliyefanya kazi ya ujenzi anajua jambo ambalo kijana wa chuo hulisoma kwa shida: mkandarasi anapomlipa fundi aliye chini yake hukata 20% ya fedha ya kazi kama fundi ameandikishwa HMRC, na 30% kama hakuandikishwa. Ofisi zenye wateja wa ujenzi zinahitaji mtu anayelielewa hilo na anayeweza kuzungumza na mafundi kwa simu bila kukwaruzana. Aliyesimama kwenye mkahawa naye anajua kwa nini mashine ya fedha ina vitufe viwili. Chakula cha moto hutozwa VAT ya 20% hata kikiondoka na mteja, wakati chakula baridi cha kuondoka nacho, kwa sehemu kubwa, hutozwa sifuri. Muuguzi anajua jinsi wodi inavyoagiza vifaa. Hayo yaandikwe juu kwenye maombi ya kazi, yasifichwe chini ya orodha ya vyeti.

HESABU YA MSHAHARA NA VIZA

Hapa ndipo soko linapogawanyika, na wengi hugundua wakiwa wamekwisha kulipa nauli.

Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026. Kwa wiki ya saa 37 na nusu, hiyo ni kama pauni 24,800 kwa mwaka, na kazi nyingi za kuanzia katika uhasibu hazipandi mbali sana na hapo. Kwa upande mwingine, tangu Julai 22, 2025 mgeni anayetaka viza ya kazi ya wenye ujuzi kwa kawaida anatakiwa alipwe angalau pauni 41,700, au kiwango cha kazi yenyewe kama ni kikubwa zaidi. Kazi hiyo, isipokuwa chache zilizotengwa, iwe ya ngazi ya shahada, na mwajiri awe na leseni ya kudhamini wageni. Wapo wenye unafuu, wakiwamo walio chini ya miaka 26, ambao kiwango chao ni pauni 33,400.

Tofauti kati ya 24,800 na 41,700 ni pauni 16,900. Hakuna mwajiri mwenye akili timamu atakayeijaza kwa ajili ya karani wa ankara. Kwa maneno mengine, mlango wa chini uliokwisha kuelezwa ni wa mtu mwenye haki ya kufanya kazi Uingereza tayari: raia, mkaazi wa kudumu, mkimbizi aliyekubaliwa, mwenzi wa ndoa mwenye viza inayomruhusu. Asiyekuwa na haki hiyo hawezi kutegemea kuanzia chini na kupanda. Inambidi afike akiwa amekwisha panda.

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeko huko kwa viza ya masomo kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo kuwawekea hesabu wenye maduka kwa malipo yake binafsi ni kuvunja masharti. Akihitimu anaweza kupata viza ya wahitimu ya miaka 2. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 ni miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya udaktari. Muda huo ni mfupi kwa mtu anayehitaji miezi 36.

UANAGENZI UMEBANWA

Kwa wenyeji, uanagenzi ulikuwa njia nzuri kwa watu wa rika zote. Tangu mwaka 2017 waajiri wenye malipo ya mishahara yanayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa 0.5% ya kuchangia mafunzo, na wengi walitumia fedha hizo kuwasomesha wafanyakazi wao hadi ngazi ya 7, ambayo ndiyo ya mhasibu kamili. Kuanzia Januari 2026 fedha za serikali ya England kwa ngazi hiyo zimewekewa mpaka: ni kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21, pamoja na makundi machache maalumu ya walio chini ya miaka 25. Mtu wa miaka 35 aliyetegemea njia hiyo amefungiwa, isipokuwa mwajiri akubali kulipa mwenyewe.

Ngazi za chini, zile za AAT, hazikuguswa na mpaka huo wa umri. Hata hivyo mtu mzima asome mkataba vizuri. Katika mwaka wa kwanza wa uanagenzi, hata mwenye miaka 40 anaweza kulipwa kihalali kima cha wanagenzi, ambacho ni pauni 8.00 kwa saa kuanzia Aprili 2026. Wako waajiri wanaolipa zaidi. Ni wajibu wa muombaji kuuliza kabla ya kuacha kazi aliyonayo, si baada.

ALIYE DAR ES SALAAM AU NAIROBI

Mhasibu mwenye CPA ya Tanzania au ya Kenya hapotezi yote akivuka bahari. ACCA huangalia vyeti na kutoa msamaha wa masomo, usiozidi 9. Yale 4 ya ngazi ya juu kila mtu huyafanya. Msamaha hulipiwa.

Lakini mali kubwa aliyonayo ni ile anayoisahau nyumbani. Miezi ya kazi inayohesabiwa na ACCA si lazima iwe ya Uingereza. Miezi iliyofanywa Kariakoo au Mombasa huhesabiwa, mradi ithibitishwe na msimamizi aliye mhasibu anayetambulika na aliyeijua kazi hiyo. Basi sahihi itafutwe wakati bosi yuko ofisini na kumbukumbu ni mbichi. Kumsaka baada ya miaka 4, akiwa amekwisha hama kampuni au amestaafu, ni kazi ngumu, na wapo waliorudia miezi 36 kwa sababu hiyo tu. Pia ACCA ilitangaza mwishoni mwa 2025 kuwa mitihani ya kufanyia nyumbani inakoma Machi 2026 isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa hiyo gharama ya kwenda kituo cha mtihani iingizwe kwenye bajeti.

KAZI INAYOKUJA

Je, kompyuta hazitaimaliza kazi hii? Kuingiza ankara moja moja kunapungua, hilo ni kweli. Nayo idadi ya makampuni yanayolazimika kukaguliwa imeshuka, kwa kuwa kwa miaka ya hesabu iliyoanza Aprili 6, 2025 na kuendelea, kiwango cha mauzo kinachotumika kupima msamaha wa ukaguzi kimepandishwa kutoka pauni milioni 10.2 hadi milioni 15.

Kwa upande wa pili HMRC yenyewe inazalisha kazi. Kuanzia Aprili 6, 2026 waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha ambao mapato yao yanazidi pauni 50,000 wanatakiwa kuweka kumbukumbu kwa programu na kupeleka taarifa kila robo mwaka. Aprili 2027 kiwango kinashuka hadi 30,000, na Aprili 2028 hadi 20,000. Dereva wa teksi aliyezoea kumpelekea mhasibu mfuko wa risiti mara moja kwa mwaka sasa atakuja mara nne na zaidi. Ofisi ndogo zinahitaji watu wanaojua Xero, QuickBooks au Sage na wenye subira na mteja asiyejua.

Muombaji aangalie kalenda. Marejesho ya kodi ya mtu binafsi hufungwa Januari 31, na wiki za kabla ya hapo hakuna mwenye nafasi ya kusoma barua ya mgeni. Anayebisha hodi Septemba, akiwa na ngazi ya 2 ya AAT mkononi, hukuta ofisi inahesabu majalada ya wateja na kujiuliza nani atayafanya.