Ndege Bila Rubani: Jinsi Njia ya Redio Ilivyopimwa

Ndege yenye rubani ikipotewa na redio, rubani bado yumo ndani, naye aweza kuiongoza mpaka itue salama. Lakini ndege isiyo na rubani huongozwa na mtu aliyekaa chini, pengine mbali sana, na amri zake zote hupita katika mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakikatika, hapana tena mkono wa mtu unaoishika ndege hiyo, nayo huenda ikawa juu ya mashamba na nyumba za watu.

Kwa sababu hiyo mataifa yalipokutana Geneva mwaka 2012 yalitenga masafa ya megahezi 5,030 mpaka 5,091 yatumike kwa kuongozea ndege za namna hii. Walakini kutenga njia si kuijua.

Mwaka 2013 wataalamu wa NASA wa kituo cha Glenn, Cleveland, Marekani, pamoja na wa Chuo Kikuu cha South Carolina, waliipima njia yenyewe. Mnara uliosimamishwa ardhini ulirusha mawimbi, na ndege aina ya S-3B Viking, iliyokuwa na marubani wake, iliyapokea kwa antena 4. Mitambo ilichukua vipimo yapata 3,000 kila sekunde, katika masafa mawili kwa wakati mmoja: ya karibu na megahezi 5,060 na ya karibu na megahezi 968.

Mwangwi wa Redio

Wimbi la redio halifiki kwa njia moja tu. Moja huja moja kwa moja kutoka mnarani. Jingine hupiga maji, mlima au nyumba, kisha huruka kama mwangwi na kufika limechelewa. Njia yake ikizidi kwa mita 300, huchelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mawimbi mawili yakikutana kilele kwa kilele hutiana nguvu. Kilele kikikutana na bonde, huuana. Katika megahezi 5,060 wimbi lina urefu wa sentimeta 6 hivi, basi njia ikibadilika kwa sentimeta 3 tu, nguvu yaweza kugeuka udhaifu.

Bahari, Ziwa na Milima

Vipimo vilifanywa juu ya bahari karibu na Oxnard, California. Juu ya Ziwa Erie. Katika vilima vya Latrobe, Pennsylvania. Katika milima mirefu ya Telluride, Colorado. Na karibu na mji wa Cleveland. Mahali pengi wimbi lijalo moja kwa moja lilikuwa ndilo lenye nguvu zaidi. Juu ya maji, uso wake uliotulia ulirudisha wimbi kama kioo. Milimani na karibu na mji, miangwi ilitokea na kutoweka upesi. Tena ilionekana kwamba ndege ikiinama ili kugeuka, mwili wake wenyewe huweza kuikinga antena isipate mawimbi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 katika hesabu ambazo mafundi waweza kuzitumia. Funzo lake ni kwamba haifai kuitegemea antena moja wala masafa mamoja, na yapasa kuweka akiba ya nguvu kwa ajili ya saa mbaya. Mjenzi mwenye busara hupima kiwanja kabla ya kuchimba msingi. Na njia itakayobeba usalama wa watu walio chini haina budi kupimwa vivyo hivyo.