Mashine Ikikosea Shamba, Nani Alipe?

Sheria ya jinai ya Tanzania imesimama juu ya hiari. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu hakimtii hatiani mtu kwa tendo lililotokea bila utashi wake, na kifungu cha 15 kinamwacha mtoto wa chini ya miaka 10. Mashine inayojiendesha haikusudii wala haiogopi jela, hivyo kizimbani haina mahali. Kama binadamu naye ana hiari kamili ni mjadala wa wanafalsafa. Mahakama haijawahi kungoja uishe.

Tuseme ndege nyuki inapulizia mikorosho Newala, kusini mwa Tanzania, msimu wa ugonjwa wa ubwiriunga, programu ikakosea mpaka, dawa ikaangukia mbaazi na mizinga ya jirani. Si ndoto: mwaka 2019 ndege za namna hiyo zilinyunyizia mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, kupambana na mbu wa malaria. Jirani halazimiki kuthibitisha nia ya chombo. Sheria ya madhara huuliza nani aliweka ramani, na nani aliirusha siku ya upepo. Kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1868, inakwenda mbali zaidi: anayeleta kwenye ardhi yake kitu cha hatari kisicho cha matumizi ya kawaida, kikitoroka, hulipa hata kama hakuzembea.

Kusini inajua pia madhara yasiyo na mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini tangu 1990, wengi wao kusini mashariki. Wapo wanakijiji waliouliza simba aliyeua katumwa na nani kwa uchawi. Sheria haitambui aliyemtuma. Familia hupewa kifuta machozi, wala si fidia, kwa kuwa hakuna mkosaji. Kwa roboti, swali hilo la kijijini ndilo sahihi, maana roboti daima ina aliyeituma. Ndiyo maana wazo la Bunge la Ulaya la mwaka 2017, la kufikiria kuzipa roboti hadhi ya kisheria, lilipingwa vikali: mdaiwa asiye na mfuko hulipa nini?

Lawama nazo hupenda kuteremka. Gari lililokuwa likijiendesha lilipomuua mwanamke huko Arizona, Marekani, Machi 2018, kampuni yenye gari hilo haikushtakiwa kwa jinai. Msimamizi aliyeketi kwenye usukani alikiri kosa mwaka 2023. Kijana anayeshika rimoti shambani Masasi ana kinga kidogo katika madai: mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa lililofanyika kazini, isipokuwa mkataba ukimwita mkandarasi na mahakama ikaukubali.