Hadubini Isiyohitaji Rangi

Wahenga walisema elimu ni bahari. Likizo iliyopita nilijua hawakutania.

Dada yangu mkubwa, aliyehitimu shahada ya uzamifu katika kemia, alikuja nyumbani na tangazo la nafasi ya utafiti katika maabara ya ng'ambo. Kazi yenyewe: kupiga picha za kemikali kwa hadubini ya leza. Baba alilisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, umeshakuwa daktari. Kwani masomo haya hayaishi? Karo nyingine nitaitoa wapi?"

"Silipi karo, Baba, nalipwa mshahara. Mwenye uzamifu huajiriwa kwa mkataba, aghalabu wa mwaka mmoja hadi mitatu, atafiti pamoja na profesa mpaka aweze kusimama peke yake. Ni kama fundi aliyefuzu anayefanyia kazi fundi mkuu kabla ya kufungua karakana yake."

Baba akatulia. Mimi nikabaki na swali: hadubini yetu ya shule ina ila gani?

Dada akanikumbusha ngozi ya kitunguu tuliyoitazama maabarani. Tuliitia iodini, la sivyo tungeona ukungu tu. Naam, shida ndiyo hiyo! Seli nyingi hupitisha mwanga kama kioo, na rangi tunazozitia zaweza kuzidhuru, hata kuziua.

Leza hupita njia nyingine. Molekuli hutikisika daima, kila aina kwa mapigo yake, kama nyuzi za gita. Mwaka 1928 huko India, mwanasayansi C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno hutoka imebadilika rangi, na badiliko hilo huitambulisha molekuli. Alitunukiwa Nobel mwaka 1930. Lakini ishara hiyo ni hafifu sana.

Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Kisha mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakaeleza hadubini inayotumia miale miwili ya leza yenye rangi tofauti. Tofauti ya miale hiyo ikilingana na mapigo ya molekuli, molekuli hutikisika zaidi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo mwale mmoja hupungua kidogo na mwingine huongezeka. Mashine hupima badiliko hilo nukta baada ya nukta, hadi picha ikamilike: hapa mafuta, pale protini. Hakuna hata tone la rangi!

"Na mgonjwa anafaidika vipi?" Baba akauliza.

Dada akaeleza kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha jinsi picha za namna hii zinavyoweza kupatikana katika chumba cha upasuaji wa ubongo. Kwa kawaida kipande cha uvimbe hugandishwa, hukatwa na kutiwa rangi, na jibu laweza kuchukua nusu saa, mgonjwa akiwa amelala mezani. Kwa leza, picha hupatikana kwa dakika chache tu.

Baba akavaa miwani tena. "Basi andika barua yako, mwanangu. Usichelewe."

Dada bado anasubiri jibu. Nami nimeacha kuikimbia fizikia, maana nafasi hizo hutafuta wanaojua kemia au biolojia, na pia kupanga lenzi na kuandika programu za kompyuta. Si mchezo, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenzangu, tuiname!