Mchoro Ubaoni na Kumbukumbu ya Kikao

Mwenyekiti akishafunga kikao, ndipo kazi ya kikao huanza. Tangu hapo hadi siku ya utekelezaji, maamuzi hukaa mahali pawili tu: katika karatasi za katibu na katika vichwa vya wajumbe. Karatasi aghalabu hutiwa jaladani, zikasomwa tena kikao kijacho kinapofunguliwa. Mzigo mkubwa, basi, huviangukia vichwa. Je, vichwa hivyo vyaweza kuubeba?

Usahaulifu na wakati

Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alilichunguza jambo hili kwa kujipima mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, akajifunza upya orodha hizo baada ya vipindi mbalimbali, na kupima ni kazi kiasi gani aliyookoa kwa kuwa aliwahi kuzijua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yanaonyesha kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya akiba hiyo ilikuwa imetoweka, na baada ya siku moja ilibaki takriban theluthi moja. Maneno ya kikao yana maana, kwa hiyo hayapotei upesi kiasi hicho. Lakini mwelekeo ni ule ule, kwamba upotevu mkubwa hutokea mwanzoni.

Njia mbili za kuhifadhi

Mwaka 1967 Roger Shepard wa Marekani aliwaonyesha watu picha zaidi ya 600, moja baada ya moja. Walipotakiwa mara baada ya hapo kutofautisha picha waliyokwisha kuiona na picha ngeni, walipatia kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa maneno, kiwango kilikuwa karibu asilimia 90. Allan Paivio wa Kanada, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alieleza kwamba akili huhifadhi habari kwa njia mbili: ya lugha na ya taswira. Jambo lililopitia njia zote mbili huwa na milango miwili ya kulifikia. Mmoja ukifungwa, wa pili hubaki wazi.

Mfano wa zahanati

Chukua kikao cha watumishi wa zahanati kuhusu jokofu la chanjo. Chanjo zilizomo zapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi huziharibu. Na baadhi yake, kama ile ya pepopunda, huharibiwa pia na kuganda. Kikao kimeamua kuwa kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, kila zamu iwe na msomaji wake, na kipimo kikitoka nje ya mipaka mganga mfawidhi aarifiwe mara moja.

Maamuzi haya yaweza kuchorwa ubaoni kwa dakika tano. Katikati huchorwa jokofu, na ndani yake kipimajoto chenye mistari miwili, 2 na 8. Kushoto huwekwa jua linalochomoza, kulia jua linalotua, na chini ya kila jua jina la msomaji. Kutoka katika kipimajoto mshale mmoja hupanda juu na mwingine hushuka chini, yote miwili ikiishia kwa mganga mfawidhi. Chini ya jua la jioni pasipokuwa na jina, kila mjumbe ataliona pengo hilo kabla hajatoka chumbani. Katika maelezo ya mdomo pengo kama hilo hupita bila kutambuliwa, likaja kugunduliwa chanjo zimekwisha kuharibika.

Nani ashike chaki?

Mwaka 2016 Jeffrey Wammes, Melissa Meade na Myra Fernandes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitangaza matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi walipewa maneno, mengine wayachore na mengine wayaandike. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata muda wa kuchora ulipopunguzwa kuwa sekunde 4 kwa kila neno. Hapana budi, basi, chaki izunguke miongoni mwa wajumbe, kwani anayechora hulazimika kufikiri kitu kina sura gani na kinahusianaje na vingine.

Mchoro nao una mipaka yake. Mwaka 2001 Nelson Cowan wa Marekani alionyesha kwamba akili huweza kushikilia kwa wakati mmoja mambo manne hivi. Mchoro wenye mambo ishirini huichosha. Mapambo yasiyohusu uamuzi huvuta macho bure. Alama isiyo na neno kando yake yaweza kufasiriwa vingine na kila aionaye. Wala mchoro hauchukui nafasi ya kumbukumbu zilizoandikwa, ambazo ndizo ushahidi wa kilichoamuliwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuligawa darasa makundi mawili kwa kura. Wote wasikilize taarifa ile ile ya kikao, yenye maamuzi manne, watendaji na tarehe. Kundi la kwanza liandike muhtasari, la pili lichore na kutia maneno machache, kwa dakika tano sawasawa. Karatasi zikusanywe. Baada ya wiki moja, bila kuonywa, kila mwanafunzi aandike nani atafanya nini, na lini. Majibu sahihi yahesabiwe, wastani wa kila kundi upatikane, kisha darasa lijadili kama tofauti iliyoonekana yatosha kuthibitisha jambo, au majaribio zaidi yanahitajika.