KALAMU ILIYOKAUKA WINO ISITUPWE



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu hapa Njia ya Zhanqian, jina ambalo maana yake ni "mbele ya stesheni", hazikosi kalamu za wino zilizolala sandukuni. Yetu ni Hero, iliyotengenezwa Shanghai ikauzwa Unguja. Marehemu baba yetu aliitumia kwa barua za jamaa na hati za ndoa, kisha ikarejea Uchina ndani ya mizigo yetu. Mwaka huu mjukuu wetu ameingia darasa la tatu, ambalo skuli za hapa kwa kawaida huanza kuwafundisha watoto kuandika kwa kalamu ya wino. Akaiomba kalamu ya mzee. Tulipoifungua, tuliikuta imekauka, haitoi hata nukta.

Shauri la kwanza tulilopewa ni kuitia katika spiriti au maji ya moto. Tunawasihi msithubutu. Kalamu nyingine tuliwahi kuitia maji ya moto. Mwili ukapinda, na kifuniko hakikufunga tena. Spiriti na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huharibu plastiki za aina nyingi, na kilichoyeyuka hakirudi.

Wino wa kawaida ukikauka, kilichobaki ni rangi iliyokimbiwa na maji. Yarudisheni maji taratibu, nao utalegea.

Chemsheni maji, myaache yapoe kabisa. Fungueni mwili wa kalamu. Ikiwa ina mpira wa kunyonyea wino, zamisheni nibu, mbonyeze mpira na kuuachia polepole mara 10, kisha mwage na kubadilisha maji. Ikiwa mpira umekuwa mgumu, usilazimishwe, maana utapasuka. Baada ya hapo ilazeni nibu usiku kucha katika kikombe cha maji yanayoifunika. Asubuhi mtayakuta yamegeuka rangi, yamwageni, mrudie. Yetu ilituchukua siku 4.

Ikiwa bado imeziba, tieni tone moja la sabuni ya vyombo katika kikombe cha maji, mroweke tena, kisha msuuze mpaka povu liishe. Msichokoe kwa sindano wala wembe, kwa kuwa ufa wa nibu ni mwembamba mno, na ukitanuka kalamu itavuja daima. Wako mafundi watumiao amonia iliyozimuliwa. Katika nyumba yenye watoto ni heri kuiacha. Kamwe isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwani hutoa mvuke wa sumu.

Mwisho, isimamisheni kalamu nibu ikielekea chini juu ya karatasi laini, mpaka ikauke.

Liko jambo moja linalotuponza wageni. Maduka ya vifaa vya skuli huuza chupa mbili zinazofanana. Moja ni moshui (墨水), wino wa kalamu. Ya pili ni mozhi (墨汁), wino wa brashi, uliotengenezwa kwa masizi na gundi. Huo wa pili unafaa kwa brashi, hata kwa kalamu ya mwanzi mfano wa zile za wanakili wa misahafu kule Siyu, kisiwani Pate. Lakini katika njia nyembamba za kalamu yetu huganda, na maji matupu huenda yasiutoe. Basi kabla ya kulipa, mwambieni mtoto awasomee herufi za chupani; katika hilo wao ni walimu wetu. Na kalamu itakayolazwa wiki kadhaa bila kazi, ioshwe kwanza.

Siku ya tano tuliitia wino wa buluu. Mstari wa kwanza ulitoka hafifu, wa pili ukakolea. Mjukuu wetu akaandika salamu kwa bibi yake aliyeko Unguja, kwa kalamu ileile iliyoandika hati ya ndoa ya bibi huyo.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa kalamu mwanzoni mwa sura ya 68. Chombo kilichopewa heshima hiyo hakistahili kutupwa jaani kwa kukosa subira ya siku nne.

Wabillahi tawfiq.