Upepo Ndani ya Klachi

Gia ikigoma kuingia na pedeli ya klachi ikalala sakafuni, mwenye gari huambiwa neno moja: silinda ya juu imekufa, nunua mpya. Mara nyingi fundi anakuwa amesema kweli. Shida huanza baada ya silinda mpya kufungwa na pedeli kubaki laini kama mkate uliochovywa chai. Hapo huambiwa silinda ni feki, au klachi imekwisha na gia boksi lishushwe. Kati ya kauli ya kwanza na ya pili kuna kazi iliyorukwa. Kufungua bolti mbili na kufunga silinda ni sehemu nyepesi. Kutoa upepo ndiyo sehemu ngumu, na mazoea ya kupampu pedeli peke yake hayaitoshi kazi hiyo.

Hesabu inaonyesha jinsi nafasi ya kukosea ilivyo finyu. Chukua silinda ya juu yenye kipenyo cha milimita 16, ukubwa wa kawaida kwa magari madogo na pikapu. Pistoni yake ikisafiri milimita 25 inasukuma mafuta yapatayo mililita 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mafuta hayo yakifika kwenye silinda ya chini yenye kipenyo cha milimita 20, pistoni ya huko inasogea kama milimita 16, nayo inausukuma uma wa klachi. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Kiputo cha mililita moja, chenye ukubwa wa punje ya karanga, kikibaki njiani, mguu wa dereva hukiminya kwanza kabla ya kusukuma kitu kingine chochote, na moja ya tano ya kijiko kile imeliwa. Zile milimita 16 zimebaki chini ya 13. Klachi haiachii yote, gia zinakwaruza, rivasi haiingii kabisa. Dalili zote ni za klachi iliyokwisha, ilhali klachi ni nzima.

Sasa tazama njia yenyewe. Kutoka silinda ya juu, iliyofungwa nyuma ya pedeli, paipu hupanda, hupinda kandokando ya injini, kisha hushuka hadi kwenye gia boksi. Urefu wake ukiwa mita 2 na tundu lake la ndani milimita 4, inameza mililita 25 hivi. Maana yake ni kwamba kila pedeli inapokanyagwa, mafuta yanasonga sentimita 40 tu. Hewa tabia yake ni kupanda. Fundi anaikimbiza ishuke hadi kwenye nipeli ya chini, kijiko kwa kijiko, na kila anaposimama kufunga nipeli, kiputo kinapata muda wa kujibanza kwenye kona iliyo juu. Baadhi ya silinda zimefungwa kwa mlalo, vichwa vyake vikiwa juu kidogo kuliko tundu la kutolea mafuta, na hapo upepo unaweza kukaa hata baada ya chupa nzima ya mafuta kupita. Hii ndiyo sababu silinda mpya inafaa kujazwa mafuta ikiwa bado mezani: imeshikwa wima, pistoni inasukumwa polepole kwa bisibisi butu mpaka viputo vikome, ndipo inapelekwa kwenye gari.

Baada ya hapo njia bora ni kufuata tabia ya hewa. Bomba kubwa la sindano kutoka duka la dawa, mpira mwembamba wa plastiki usioonyesha dalili ya kuvuja, na mafuta safi ya breki vinatosha. Mpira unachomekwa kwenye nipeli ya chini, nipeli inalegezwa, mafuta yanasukumwa taratibu kwenda juu hadi viputo vitokee kwenye kikopo cha mafuta cha silinda ya juu. Upepo unapanda kwa hiari yake, na mtu mmoja anaimaliza kazi bila msaidizi wa kukanyaga. Jicho likae kwenye kikopo: kikifurika, mafuta ya breki yanaibabua rangi ya gari, na yaliyomwagika yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Kuna wanaopinga wakisema mafundi wamepampu pedeli miaka nenda rudi na magari yanatembea. Ni kweli, na pale ambapo paipu ni fupi na nipeli imekaa juu ya silinda ya chini, kupampu kunatosha. Ila silinda ya juu inapobadilishwa, upepo umeingia kwenye kilele cha njia, mahali pabaya kuliko pote kwa mbinu hiyo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kusukuma mafuta kutoka chini kunapeleka uchafu wa silinda ya chini kwenye raba mpya za juu. Hilo linawezekana kabisa. Dawa yake ni kuyatoa mafuta meusi kwa chini kabla ya kufungua chochote, wakati silinda ya zamani bado ina nguvu kidogo, au kwa kuacha nipeli wazi yadondoke yenyewe huku kikopo kikiongezwa mafuta safi.

Wengine wanauliza kwa nini silinda nzima inunuliwe wakati seti ya raba ni ya bei rahisi. Jibu liko ndani ya silinda yenyewe. Ukuta wake ukiwa laini kama kioo, raba mpya zitadumu. Ukiwa na vishimo vya kutu au michirizi inayonasa ukucha, raba mpya zitakatwa kama za zamani zilivyokatwa, na kuusugua ukuta wa aluminiamu kwa msasa ni kuuharibu zaidi. Kutu hiyo chanzo chake ni maji. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anajua hewa ya pwani ilivyo. Ndiyo maana inafaa mafuta yabadilishwe hata kabla ya kitu kuvuja, na chupa iliyokaa wazi rafuni isitumike. Aina ifuate maandishi ya kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini au ya usukani yakiingia humo yanazivimbisha raba zote, na katika magari ambayo klachi na breki zinakunywa kikopo kimoja, kosa hilo linaziua breki pia. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa kuwa hapo si suala la gia tena.

Jambo dogo linalosahaulika ni fimbo inayounganisha pedeli na pistoni. Lazima iwe na mchezo kidogo pedeli inapokuwa juu, ili pistoni irudi hadi mwisho na kufungua tundu la kikopo. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi ili pedeli ionekane ngumu, tundu linabaki limezibwa, mafuta yanapanuka kwa joto la injini bila pa kwenda, na klachi inaanza kuteleza mlimani.

Kabla ya gia boksi kushushwa, mtu mmoja akanyage pedeli na mwingine apime kwa rula mwendo wa fimbo ya silinda ya chini. Ukipungua kuliko unaotakiwa kwa gari hilo, bado kuna upepo au silinda ya juu inavuja kwa ndani, jambo ambalo halipunguzi mafuta kwenye kikopo kwa kuwa yanarudi humo humo. Pedeli inayojaa baada ya kupampwa mara mbili tatu ina upepo. Inayozama taratibu chini ya mguu uliotulia ina raba mbovu. Mwendo ukiwa kamili na rivasi bado inakwaruza, basi tatizo liko ndani, na hapo ndipo gia boksi lishushwe.