Tangi la samaki Igogo: Kabla ya kuagiza chumvi ya bahari, tazama mwamba wa ziwani

WAPO wakazi wa mijini ambao, baada ya kuona picha za matumbawe yaking'ara ndani ya kioo katika sebule za watu, hupatwa na shauku ya kuwa na bahari yao ndogo nyumbani. Shauku hiyo haina ubaya wowote, wala si ya watu wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar peke yao. Hata mkazi wa Igogo, jijini Mwanza, ambaye akifungua dirisha huliona ziwa baina ya paa za mabati na majabali ya mlimani, anaweza kuitamani bahari. Kinachomlazimu ni kupiga hesabu kwanza, kwa sababu hesabu ikikosewa atakayelipa ni kiumbe kilichomo tangini.

Hesabu ya kwanza ni ya chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita moja. Tangi la lita 200, ambalo kwa ufugaji wa matumbawe bado huhesabiwa kuwa dogo, linahitaji kilo saba za chumvi siku ya kwanza, na kila mara mfugaji anapobadilisha asilimia 20 ya maji atahitaji kilo 1.4 nyingine. Chumvi hiyo si ile ya jikoni iliyotiwa madini joto. Ni mchanganyiko maalumu wenye kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujengea mifupa yake. Anayefikiria kusomba maji yenyewe kwa madumu kutoka pwani akumbuke kuwa kwa barabara ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba maji hayo atayahitaji tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi. Matumbawe si mawe wala si mimea, bali ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, na ndani ya miili yao hukaa mwani unaowatengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Joto likipanda kwa nyuzi chache tu na kubaki hivyo kwa muda, mwani huo hutolewa nje, tumbawe hubaki jeupe, na mara nyingi hufa. Jambo hilo lilitokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, na miamba mingi ya pwani ya Tanzania na Kenya iliathirika vibaya. Ndani ya kioo cha lita 200, taa zikizimika na pampu ikisimama kwa saa kadhaa, msiba huohuo unaweza kutokea kati ya magharibi na alfajiri.

Aidha, kuna suala la sheria. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa husimamiwa kwa vibali chini ya mkataba wa CITES. Ndani ya nchi, maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yaliwekwa mahsusi ili matumbawe yabaki yalipo. Kipande kilichookotwa ufukweni na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki hakiwezi kuwa mwanzo mwema wa ufugaji.

Hata hivyo, mkazi wa Igogo ana bahati ambayo aghalabu haijui. Mwamba wenye samaki wa rangi za kushindana na zile za baharini uko mwisho wa mtaa wake, ndani ya maji yasiyo na chumvi.

Samaki hao ni furu. Wengi humfahamu kama kitoweo cha watoto wanaovua kwa ndoana juu ya mawe, au kama chambo cha kunasia sangara. Wanasayansi wanamtazama kwa jicho jingine kabisa. Utafiti wa tope la sakafu ya Ziwa Victoria, uliotangazwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa ziwa hilo liliwahi kukauka, na kwa hesabu za sasa lilijaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa historia ya viumbe ni kama kufumba na kufumbua, zilitokea aina zaidi ya 500 za furu. Wapo wala mwani, wala konokono, wala wadudu, wala samaki wenzao, na hata wanaoishi kwa kupora mayai na vifaranga vya wengine.

Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliweka kambi Mwanza kuwachunguza furu wa ghuba, ile ambayo tangu Juni 2025 inavukwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi. Walichokishuhudia hawakukitarajia. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifurika katika ghuba hiyo miaka ya 1980, na nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikaanza kutoka bila furu. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka katika ziwa zima. Baadhi zimerejea tangu miaka ya 1990, baada ya sangara naye kuvuliwa kwa wingi, lakini nyingine hazijaonekana tena. Wakati huo, furu hai waliokuwa wamesafirishwa kwa ndege waliendelea kuzaliana katika matangi ya Leiden, na vizazi vya furu wa ziwa hili vikatunzwa katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Ndiyo kusema mtoto wa London au Boston ameweza kumtazama furu machoni kwa muda mrefu kuliko mtoto wa Igogo, anayemwona akiwa kwenye ndoana tu.

Furu wa miambani, ambao katika vitabu vya watafiti wanaitwa mbipi, walinusurika kwa kiasi fulani kwa sababu sangara hapenyi kirahisi kwenye nyufa za mawe. Hawa ndio wanaofaa tangi la nyumbani. Mmoja wao anaitwa kisayansi Pundamilia nyererei. Alielezwa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais, na akapewa jina lake. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya samawati-kijivu na milia kama hiyo. Majike wa aina zote mbili wana rangi iliyofifia, na ni vigumu kuwatofautisha.

Hapo ndipo penye somo kwa mfugaji. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba majike hao huchagua mume kwa rangi. Maji yanapokuwa safi, jike wa dume mwekundu humfuata mwekundu, na wa samawati humfuata samawati. Maji yanapochafuka kwa udongo, mbolea na taka, rangi hazionekani, majike hukosea, na aina mbili huanza kuchanganyika hadi kubaki moja. Walipowekwa tangini chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, unaofuta tofauti ya nyekundu na samawati, majike waliacha kubagua. Kwa hiyo taa ya tangi la furu iwe nyeupe, na ndani ya tangi moja iwekwe aina moja tu iliyochukuliwa mahali pamoja. Mfugaji anayechanganya majike asiowajua atazalisha machotara, na hatakuwa tena na aina yoyote ya kuhifadhi.

Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50, yaani lita 200, linaweza kutengenezwa na fundi yeyote makini wa vioo na alumini. Kioo kiwe cha milimita 10, na gundi iwe ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Gundi iachwe ikauke kwa wiki moja, kisha tangi lijazwe maji nje ya nyumba na kutazamwa kwa siku mbili kabla halijaingizwa ndani. Likiwa na maji na mawe litapita kilo 250, hivyo meza ya televisheni haifai. Nyumba zilizojengwa kwenye mteremko zichunguzwe sakafu kwanza.

Mawe ni sehemu rahisi kuliko zote kwa mtu wa Igogo. Jiwe la mlimani, ambalo ni itale, halibadilishi maji kama linavyofanya jiwe la chokaa. Lichukuliwe mlimani, lisiopolewe ziwani, na sababu yake ni nzito: maji ya kina kifupi kandokando ya Mwanza yana kichocho, na konokono wanaokieneza hung'ang'ania mawe na majani ya majini. Anayelazimika kutumia jiwe la ziwani alisugue, alimwagie maji yanayochemka na kulianika juani kwa siku kadhaa. Mawe yapangwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa, kwa kuwa furu hupenda kuchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga linaweza kuporomoka na kupasua kioo. Yaachwe mapango mengi, maana dume asipokuwa na pango lake hana amani, na majike wasipokuwa na pa kujificha hawana uhai.

Maji ya bomba yanatosha. Yana klorini, ambayo huondoka yakikaa usiku kucha ndani ya ndoo huku pampu ya hewa ikiyachemua. Kwa kawaida maji ya ziwa huwa na joto la nyuzi 24 hadi 26, kiwango ambacho vyumba vingi vya Mwanza hukikaribia bila hita, isipokuwa katika usiku wa baridi wa Juni na Julai.

Sasa inakuja hatua ambayo wafugaji wapya wengi huiruka, iwe wanafuga samaki wa bahari au wa ziwa: kusubiri. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawapo katika tangi jipya. Huhitaji wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe na kwenye sponji ya kichujio, na katika muda huo tangi huendeshwa likiwa tupu, huku kikitiwa chakula kidogo kila siku ili walishwe wao. Vipimo vya maji vikionyesha amonia na nitriti zimeshuka hadi sifuri, ndipo samaki waingie. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini itawaua wafanyakazi wote kwa mkupuo mmoja. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe.

Kuhusu samaki, mwenye nia afike kwanza kwa ofisa uvuvi, kwa kuwa uvuvi huongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana karibu sana na mji, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na samaki wa miamba yake hawaguswi. Kwa lita 200, dume mmoja na majike wanne au watano ni kundi la kuanzia. Madume wawili katika nafasi hiyo watapigana hadi mmoja afe. Walishwe kidogo mara mbili kwa siku: chakula cha vipande vyepesi, majani ya mchicha yaliyochemshwa, na mara mojamoja unga wa dagaa. Dagaa akizidi, maji huharibika haraka. Kila wiki ibadilishwe sehemu moja ya tano ya maji.

Umeme ukikatika, samaki wasilishwe. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri hutosha, na isipokuwepo, mtu anaweza kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu kila baada ya dakika chache. Tangi lenye samaki sita huvumilia saa kadhaa ambazo matumbawe yasingezivumilia.

Lipo katazo moja lisilo na nafasi ya mjadala. Samaki wa tangini asirudishwe ziwani, hata kama alitoka humo, na samaki wa Malawi au Tanganyika ndiyo kabisa. Gugumaji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Wakazi wa Mwanza hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata.

Mambo yakienda vema, baada ya miezi kadhaa jike mmoja atavimba kidevu na kukataa chakula. Asidhaniwe kuwa mgonjwa: amebeba mayai kinywani, na atafunga hivyo kwa wiki mbili hadi tatu. Siku atakapowatema vifaranga wake, samaki wengine watawameza kabla jua halijatua, isipokuwa kama mama yao alihamishwa mapema. Hapo ndipo fundi wa vioo atakapotafutwa tena, kwa ajili ya tangi la pili.